Chungwa Lililoteremka Mlima

Kwenye vibanda vya Skuta, Nyeri, kama ilivyo katika soko la Karatina na kando ya stendi za miji yote inayouzunguka Mlima Kenya, chungwa ni mgeni. Hufika kwa lori, ndani ya magunia ya wavu, kutoka Makueni au kutoka Muheza ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na mara nyingi ganda lake huwa la kijani hata kama ndani limekwisha kuiva na kujaa maji. Wanunuzi wamelizoea hivyo. Hulibonyeza kwa kidole, hulipima uzito mkononi, hulipa. Lakini ganda hilo la kijani lina jambo la kutueleza. Chungwa hupata rangi yake ya dhahabu pale usiku unapopoa. Penye joto mchana na usiku, ukijani hauliachi ganda hata tunda likomae vipi. Kwa hiyo, kama lingekuwa suala la rangi na hali ya hewa peke yake, Nyeri, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, ndiyo ingetoa machungwa ya kupendeza macho, na Muheza ndiyo ingenunua. Imekuwa kinyume. Udongo mwekundu unaostawisha kahawa, chai, parachichi, makadamia, plamu na matunda damu hauleti chungwa sokoni.

Ukiuliza sababu, majibu yako tayari. Wa kwanza atakwambia ni baridi ya mlima. Wa pili atasema kahawa ililipa vizuri zaidi, watu wakaacha mambo ya matunda. Wa tatu atamlaumu mkulima: alipanda, hakupogoa, hakutia mbolea, mti ukafa. Kila jibu lina chembe ya ukweli, na kila moja likipimwa kwa ushahidi huishia njiani. Ninavyoona mimi, mchungwa wa nyanda za juu ulishindwa na ugonjwa mmoja mahususi, na utafiti wa machungwa nchini Kenya, ulipokutana na ugonjwa huo, uliuhamisha mti badala ya kuuponya. Uamuzi huo ulikuwa na akili ndani yake. Hata hivyo uliegemea kinga moja tu, joto la nyanda za chini, na kinga hiyo sasa imetoboka.

Mchungwa haukuanzia mlimani, wala haukuanzia pwani. Ukoo mzima wa miti hii, michungwa na milimau, midimu, michenza na mibalungi, chimbuko lake ni Asia, kuanzia miteremko ya mashariki ya Himalaya hadi kusini mwa China, na ulifika kwetu kwa vyombo vya Bahari ya Hindi kabla Mreno hajaijua njia. Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa mwezi wa Aprili 1498, mabaharia wake walikuwa wameugua fizi kwa kukosa matunda, na shajara ya safari ile inaeleza kwamba mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo pamoja na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Huenda yalikuwa madanzi zaidi kuliko machungwa matamu tunayoyamenya leo, lakini mti ulikuwa umekwisha kuota mizizi pwani. Safari yake ya kupanda bara haikuandikiwa shajara. Iliandikwa ndani ya lugha. Mkikuyu huliita chungwa icungwa, wengi macungwa, na limau huliita ndimũ. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, na neno husafiri na kitu chake. Mji wa Nyeri ulipoanza kama ngome ya Waingereza mwaka 1902, na misheni za Waskoti huko Tumutumu na za Consolata huko Mathari zilipoanza kulima mashamba na bustani zao, jina la tunda hilo halikuhitaji kutungwa upya.

Jambo moja la kiufundi katika hatua hiyo ya mwanzo lina uzito kuliko linavyoonekana. Mchungwa unaoota kutokana na mbegu kwa kawaida huanza maisha bila ugonjwa tutakaouzungumzia, hata kama mama yake anaumwa. Mche wa kubebesha ni kisa kingine. Ule huchukua jicho la mti mmoja na kulipachika juu ya shina la mti mwingine, na chochote kilichomo ndani ya mishipa ya mti uliotoa jicho huhamia humo. Kadiri ufundi wa kubebesha ulivyoenea, ambao ndio unaomwezesha mkulima kuvuna mapema na kujua hasa aina aliyopanda, ndivyo maradhi yalivyopata usafiri wa bure. Maendeleo ya kitalu yalikuwa pia maendeleo ya vimelea, na halikuwa kosa la yeyote aliyeshika kisu.

Tuchukue baridi kwanza, maana ndilo jibu linalosikika la kitaalamu zaidi. Mchungwa hauogopi baridi ya Nyeri. Unastawi Hispania, Japani, California na Rasi ya Afrika Kusini, mahali ambapo majira ya baridi hukaribia sifuri na mara nyingine kushuka chini yake. Ukungu wa Julai pale Nyeri, unaowafanya watu wavae makoti hadi saa sita mchana, ni wa kawaida kwa mti uliozoea Valencia. Kinachopungua penye baridi ni kasi. Tunda hukawia kuiva, sukari hupanda polepole, uchachu hubaki. Hiyo ni sababu ya kupata chungwa kali kidogo, na walaji wengi wangelipenda hivyo. Haielezi kwa nini mti unanyauka tawi baada ya tawi hadi kubaki fito. Uhusiano kati ya baridi na kifo cha mchungwa upo, ila unapitia kwa mtu wa tatu.

Huyo wa tatu ni bakteria ambaye wataalamu humwita Candidatus Liberibacter africanus, na kipando chake ni mdudu wa milimita chache, mwenye mbawa angavu kama karatasi ya sandarusi, aitwaye Trioza erytreae. Jina lenyewe linataja kwao: alielezwa kisayansi mwaka 1918 kutokana na vielelezo vya Eritrea. Ni Mwafrika, na ni wa nchi za baridi. Katika miaka ya 1960 na 1970, H. D. Catling alimfuatilia kusini mwa Afrika na kuonyesha kwamba mayai yake na tunutu wachanga hufa kwa wingi pale joto kali linapokutana na ukavu wa hewa. Bakteria naye ana tabia hiyohiyo. Watafiti wa Ufaransa waliokuwa wakifanya kazi na Joseph Bové waliweka miche migonjwa katika vyumba vya joto tofauti, wakaona kwamba ugonjwa wa Afrika hujidhihirisha vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 24, lakini joto likikaribia 30 dalili zake hupotea. Bakteria ndugu yake, yule wa Asia, hakujali. Aliendelea kuutesa mti katika vyumba vyote viwili. Weka tabia ya mdudu na tabia ya bakteria pamoja, kisha usome kipimajoto cha Nyeri, ambako mchana wa kawaida huchezea kwenye nyuzi ishirini na kitu na hewa ina unyevu wa mlima. Ni kama mahali palipotengenezwa kwa ajili yao. Mti ungeivumilia baridi hiyo kwa miongo kadhaa, lau adui wake asingekuwa anaipenda kuliko mti wenyewe.

Sasa jani. Chukua jani la mchungwa mgonjwa, ulikunje kwa urefu kwenye mshipa wa kati, na utazame mabaka ya njano: ya upande huu hayakutani na ya upande wa pili. Jani lenye upungufu wa zinki, ambao pia ni mwingi katika udongo wetu, njano yake hulingana pande zote mbili, kama rangi mbichi iliyokunjiwa karatasi. Ligeuze jani changa la mti huohuo. Chini utaona vishimo vidogo ambamo tunutu walikaa wakifyonza, na juu kila kishimo kimevimba kama kipele. Ndani ya jani pana jambo la ajabu zaidi. Limejaa wanga. Bakteria huishi katika mishipa ile inayoteremsha chakula kutoka majanini, na mishipa hiyo inapoziba, sukari hukwama juu na kugeuka wanga, huku mizizi chini ikifa njaa. Ndiyo maana wakulima wa Asia wamefundishwa kuligundua jani gonjwa kwa kulikwaruza kwa msasa na kuyatia majimaji yake ayodini, yakageuka meusi. Tunda nalo hukua upande, mbegu zake husinyaa, na kitako chake hubaki kijani wakati sehemu ya karibu na kikonyo imeanza kuwa njano. Ukijani huo ndio ulioyapa maradhi jina lake katika Kiingereza. Basi ganda la kijani lina maana mbili zinazopingana: kwa chungwa la Muheza ni dalili ya joto, na kwa chungwa la boma la Nyeri ni dalili ya mti unaokufa.

Hapo ndipo jibu la mkulima mzembe linapovunjika, na historia ya utafiti wenyewe ndiyo inayolivunja. Afrika Kusini iliona ugonjwa huu mwishoni mwa miaka ya 1920, wakulima wa upande mmoja wa Transvaal wakiuita "tawi la njano", kwa sababu huanza kwenye tawi moja kabla ya kuenea. Mwaka 1937 wataalamu wawili, van der Merwe na Andersen, waliutafutia sababu katika udongo, wakashuku wingi wa kromiamu na manganizi. Hawakuwa wajinga. Mti mgonjwa unafanana kabisa na mti wenye njaa, na kwa kweli una njaa. Kosa lilikuwa kudhani njaa hiyo inatoka ardhini. Ilichukua hadi 1965 kwa McClean na Oberholzer kuthibitisha kwamba maradhi huambukizwa kwa kubebesha na kwa Trioza, na hadi 1970 kwa Laflèche na Bové kuviona vimelea vyenyewe ndani ya mishipa kwa hadubini ya elektroni. Ikiwa vituo vya utafiti vyenye maabara vilipapasa gizani kwa karibu miaka arobaini, itakuwaje mzee wa Tetu au wa Mathira, Nyeri, alaumiwe kwa kutojua? Isitoshe, bidii yake ingeweza kumgeukia. Samadi na maji huamsha machipukizi, na Trioza hutaga mayai kwenye machipukizi tu. Mwenye kuutunza mti wake kwa moyo wote alikuwa akimtandikia mdudu kitanda.

Atakayepinga atasema: lakini milimau ipo. Nenda boma lolote kati ya Skuta na Othaya, hutakosa mlimau wa kienyeji nyuma ya jikoni au kwenye ua, wenye matunda ya ganda gumu la matuta, na huzaa mwaka mzima. Kama ugonjwa ni mkali hivyo, mbona huu haukufa? Pingamizi hili ni zuri kuliko yote, na jibu lake ndilo kiini cha mambo. Milimau na midimu huuvumilia ugonjwa huu kuliko michungwa na michenza; huambukizwa, lakini huendelea kusimama. Wakati huohuo, katika jamii yote ya michungwa, Trioza hupenda mlimau kuliko mti mwingine, kwa kuwa huchipua mara kwa mara bila kungoja msimu. Mti unaomfanya mtu aseme "mbona hapa yanakubali" ndio unaomlea mdudu atakayeua mchungwa uliopandwa hatua kumi kutoka hapo. Kikulacho ki nguoni mwako. Na hata ukiung'oa wako, wa jirani upo: majaribio ya Afrika Kusini yaliona Trioza akisafiri angalau kilomita 1.5 bila kupata mti wa kula. Katika Nyeri, ambako mashamba yamegawanywa yakawa vipande vya ekari moja au nusu, kilomita 1.5 ni vijiji viwili na maboma mia kadhaa.

Juu ya hayo kuna msitu. Mchungwa ni wa familia moja na miti kadhaa ya asili ya mlima: mũrarachi, unaofunika miteremko kwa maua ya waridi, mũchagatha wenye miba iliyovimba shinani, na mũtathi wenye harufu kali ukiponda jani. Trioza alikuwa akila miti ya familia hii karne nyingi kabla icungwa haijafika. Katika mũrarachi wa Afrika Kusini wamepata hata aina ya Liberibacter iliyo karibu sana na ile ya michungwa, na katika mũtathi wakapata nyingine. Picha inayojitokeza si ya ugonjwa ulioletwa na meli ukakuta nchi safi. Inaelekea zaidi kwamba mti ndio uliokuwa mgeni, ukaja kupandwa mlangoni pa wenyeji waliokuwa wakiishi kwa amani na miti yao. Hilo huondoa matumaini ya kuung'oa ugonjwa moja kwa moja, lakini pia huondoa lawama.

Jibu la kahawa ndilo linalostahili kusikilizwa kwa makini zaidi, kwa sababu linaungwa mkono na fedha. Kabla ya miaka ya 1950 Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kulima kahawa ya arabika. Majaribio ya miaka ya 1930 yaliwekwa Kisii, Embu na Meru. Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliokwenda pamoja na kuunganisha mashamba na kutoa hati, ulifungua mlango, na ndani ya miaka michache kahawa ikawa ndiyo ada ya shule, bati la nyumba na hisa ya chama cha ushirika. Nani angepoteza ardhi kwa machungwa? Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini Nyeri haikuwa na mashamba makubwa ya michungwa. Haielezi kwa nini hata mti mmoja wa watoto haukubaki. Mchungwa mmoja unahitaji mita chache za mraba, na kahawa haikuufukuza mparachichi, wala mpera, wala mplamu; miti hiyo ilisimama kando ya kahawa miaka yote, na mingine, kama parachichi na makadamia, ikaja kuwa biashara yenyewe. Kilichotoweka kando ya jikoni ni mchungwa na mchenza peke yao, miti miwili inayoathirika zaidi na ugonjwa huu. Bei ya kahawa haichagui hivyo. Ugonjwa huchagua.

Na kahawa yenyewe ni ushahidi wa upande mwingine. Chule buni, ugonjwa wa kuvu unaoozesha kahawa ikiwa ingali kijani mtini, uligunduliwa Kenya mwaka 1922, na kama Trioza, nao hupenda mwinuko, baridi na unyevu. Katika mwaka mbaya unaweza kuondoka na sehemu kubwa ya mavuno. Serikali haikumwambia mkulima wa Nyeri kwamba kahawa iteremke ikalimwe Makueni. Kulikuwa na kituo cha utafiti Ruiru, kulikuwa na ratiba ya kupulizia dawa, kulikuwa na vyama vya ushirika vya kukopesha dawa hizo, na baada ya miaka mingi ya kuzalisha mbegu ikatolewa Ruiru 11 mwaka 1985, kisha Batian mwaka 2010, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu. Nakubali kwamba ulinganisho huu una mpaka: arabika haina pa kwenda, inataka mwinuko, ilhali mchungwa unaweza kuhamia bondeni na bado ukazaa. Lakini mpaka huo hauondoi tofauti iliyobaki. Kahawa ilileta fedha za kigeni na chungwa lilikuwa tunda la sokoni, na wakati wa kugawa watafiti na miaka yao, jambo hilo huamua mengi.

Kwa hiyo mchungwa ulishuka. Taarifa ya A. A. Seif na A. M. Whittle ya mwaka 1984 kuhusu magonjwa ya michungwa ya Kenya ilikuja wakati ambapo ramani ilikuwa imekwisha kujichora: nyanda za juu zimepotezwa, na matumaini yako Kilifi, Kwale, na sehemu za Ukambani zenye joto. Kituo cha Mtwapa huko pwani kikawa na kazi ya kulea miti mama iliyo safi na kutoa vijicho, na Thika ikabaki kituo kikuu cha bustani. Kwa miche ya kubebesha likapendelewa shina la limau la ganda gumu, lenye kustahimili virusi vya tristeza ambavyo viliua mamilioni ya michungwa ya Brazili na Argentina iliyobebeshwa juu ya danzi. Ni uamuzi wenye busara, japo shina hilo hushikwa upesi na uozo wa shingo penye maji yaliyotuama. Sisi hatukuwa peke yetu katika kushuka. Katikati ya miaka ya 1970 Afrika Kusini ilikadiria kwamba miti milioni 4 kati ya milioni 11 imeathirika. Ikajaribu kuidunga miti dawa za tetrasaiklini, ikaona gharama na madhara yake, ikaziacha. Ilichofanikiwa nacho ni vitalu safi, kung'oa miti migonjwa, kumpiga vita mdudu, na kupanda zaidi kwenye maeneo ya joto. Mkulima wa Makueni anayevuna machungwa leo amesimama juu ya uamuzi wa aina hiyo, na itakuwa ukosefu wa haki kuuita uzembe.

Udhaifu wake ni huu: joto halikuponya chochote. Lilitenganisha tu mti na ugonjwa mmoja, wa aina ya Afrika. Mwaka 2016 watafiti walichapisha taarifa ya kupatikana kwa mdudu wa Asia, Diaphorina citri, nchini Tanzania, katika eneo la Morogoro. Mwaka uliofuata ikatoka taarifa yake nchini Kenya. Huyu hachukii joto. Mwaka 2020 timu iliyoongozwa na Inusa Ajene ikaripoti kwa mara ya kwanza kuwepo kwa bakteria wa Asia, yule ambaye chumba cha joto hakikumbabaisha, ndani ya Kenya. Kwa wasiojua uzito wa habari hiyo, Florida ni kielelezo cha kutosha: mdudu alionekana huko 1998, ugonjwa ukathibitishwa 2005, na uvunaji wa machungwa, uliokuwa umefika maboksi milioni 244 katika msimu wa 1997 na 1998, umeanguka kwa zaidi ya asilimia 90. Florida ilikuwa na fedha, vyuo vikuu na ndege za kupulizia dawa. Na mwaka 2019 kulitoka Ethiopia taarifa nyingine ambayo mtu wa mlimani hana budi kuisoma mara mbili: Trioza, mdudu wetu wa baridi, amekutwa shambani akiwa amembeba bakteria wa Asia. Ukuta uliodhaniwa kusimama kati ya nyanda za juu na za chini una mlango, na mlango huo unafunguka pande zote mbili.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni mambo ya Kwale na Makueni, na Nyeri ambayo haina machungwa haina cha kupoteza. Hesabu hiyo inasahau mlimau. Kaunti zenye baridi zilizojaa milimau isiyotunzwa ni ghala la mdudu anayeweza kubeba bakteria wote wawili, na miche haina mipaka. Husafirishwa kwenye pikipiki na juu ya matatu, kutoka kitalu cha kando ya barabara hadi kaunti nyingine, bila yeyote kuuliza jicho lilikatwa mti gani. Tena kuna ujuzi wa kumdhibiti Trioza ambao nchi ya mlima kama hii inaweza kuutoa. Kisiwa cha Réunion kilikuwa na wadudu wote wawili na bakteria wote wawili. Katika miaka ya 1970 kilileta kutoka Afrika kinyigu kidogo, Tamarixia dryi, kinachotaga yai chini ya tunutu wa Trioza na mwanawe kummaliza, na Trioza akatoweka kisiwani. Kwa mdudu wa Asia wakaleta nyigu mwingine wa ukoo huohuo. Hispania nayo ikakifuata kinyigu hichohicho Afrika Kusini, na mwaka 2018 ikakiachia katika Visiwa vya Kanari, ili kuilinda michungwa ya Valencia kabla Trioza hajaifikia. Dawa inayotafutwa na Ulaya ni mdudu wa bara hili, na nchi aliyoizoea ni nchi inayofanana na miteremko hii.

Nyeri si kisiwa kama Réunion, lakini ina kitu kingine, nacho ni mazoea ya kutenda kwa pamoja. Shamba moja haliwezi kumshinda mdudu wa kilomita 1.5, lakini vyama vya kahawa vya Tetu, Othaya na Mathira vilikwisha kuzoea zamani kwamba ugonjwa wa jirani ni ugonjwa wako, na kwamba kupulizia dawa hufuata ratiba. Hata kabla ya kufika huko pana kazi ndogo isiyohitaji mkopo wala mche mpya. Milimau iliyoko nyuma ya majiko, ileile iliyomlea mdudu kwa miaka yote, inaweza kuwa mashahidi. Machipukizi yake yakikaguliwa mara mbili kwa mwaka, wiki chache baada ya mvua za Machi na za Oktoba kuanza, na majani yake machache yakipelekwa kupimwa, ingejulikana ni bakteria yupi amefika mlimani na amefika wapi. Kipimo cha kuwatofautisha kipo, na wanasayansi wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, wamekuwa wakikitumia. Kituo hicho kiko Kasarani, kando ya barabara ya Thika, umbali wa kilomita 150 hivi kutoka Skuta, na matatu zote za Nyeri ziendazo Nairobi hupita karibu nacho.